Mizani Mbili Nilizompunguzia Badawi

Wiki iliyopita alikuja msichana mmoja wa chuo kikuu, Wairimu jina lake, na simu yake ya kurekodia. Akakaa na mume wangu barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, anamuuliza: ulianzaje kutunga, uliingiaje siasa, kiti ulikikosa vipi. Nikawapelekea kahawa, nikawapelekea halua, nikawapelekea maji ya kunywa, na mara zote tatu hakuna aliyeniambia keti. Alipoaga akasema, "Ahsante Bi Radhiya kwa kahawa." Kwa kahawa! Miaka ishirini na saba naandika maneno ya mtu yule kwa mkono wangu, halafu mimi ni wa kahawa. Basi nitasema mwenyewe, na nikianza nitasema yote, hata lile la kuniaibisha.

Mume wangu ni Badawi bin Abubakr, wa Siyu. Wako wanaomwita Mheshimiwa mpaka leo, kwa sababu alikaa miaka mitano katika bunge la kaunti. Wengine humwita Mwalimu, maana kabla ya siasa alifundisha Kiswahili shule ya msingi huko Kizingitini miaka kumi na tisa. Mimi nikiwa radhi naye humwita Mwalimu, nikiwa na hasira humwita Badawi. Leo utalisikia sana hilo la pili.

Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mshona makubadhi, vile viatu vya ngozi ambavyo Siyu ilisifika kwavyo. Mimi ni mtoto wa Amu, Lamu mjini, nyumba ya mawe, ghorofa mbili, babu na babu. Siku posa ilipokuja, dada yangu Nasreen alicheka mpaka akashika ubavu. "Radhiya, unakwenda kuolewa na kubadhi?" Neno lile nililimeza na halikushuka, na ukitaka kujua kwa nini nilikipenda kiti cha Badawi kuliko alivyokipenda yeye mwenyewe, sababu ndiyo hiyo. Siku aliyoapishwa, Nasreen alikuja na bukhuri na mkono wa pongezi, akanibusu akaniita Bi Mheshimiwa. Nilimwacha aniite mara tatu ndipo nikaitika.

Sasa sikiliza, kuna jambo la nyumba ile lazima nilieleze, bila hilo hutaelewa kitu. Marehemu mzee Abubakr naye alikuwa mtunzi, na alikuwa na sharti lake moja: mtu akija na haja ya shairi, harudi mikono mitupu. Awe rafiki, awe hasimu, haulizwi. Na ukishampa, shairi si lako tena, ni la mwenye haja. Hutii jina lako, husemi ni langu. Wanasimulia hapa kwamba alikuja mteja ambaye makubadhi yalimtoa malengelenge, hajui kutunga, na hasira amejaa. Mzee akamkalisha, akamtungia shairi zima la kuvitukana viatu vyake mwenyewe, kisha akarudi kushona. Watu walicheka mwaka mzima na viatu hakuna aliyenunua. Badawi aliirithi tabia ile kama alivyoirithi pua.

Kwa wanaume mambo ni mepesi, wanakaa naye barazani wanamweleza. Wanawake hupita kwangu. Mwanamke akiwa na haja, huja mlango wa uani, akaketi nami juu ya mkeka, akaeleza lake: mume amemtupa, au binti anaolewa, au jirani kamchukulia shamba. Mimi hulipeleka ndani kwa Badawi. Yeye hutunga, mimi huliandika safi, kisha humsomea mwenye haja mstari kwa mstari mpaka limkae kichwani. Wengi wao hawakwenda shule, na anayesoma naye hupenda kulipokea kwa sikio. Siri za wanawake wa Siyu zote zimepita mkekani kwangu, na hakuna hata moja iliyotoka nje. Nilikuwa najivunia hilo, sikufichi.

Haya, siasa. Aliingia kwa mashairi yake, nani asiyejua. Kura za kwanza alizipata kwa sababu aliahidi boti ya wagonjwa, na aliiahidi kwa namna ambayo mtu aliiona kabisa imefungwa gatini, injini mbili, godoro ndani. Hapa kwetu mayi yakitoka, maji yakipwa, mkono wa bahari hubaki matope na mikoko. Mgonjwa hungojea boti ya kukodi itoke Amu, na ikifika huenda maji yamekwisha kutoka. Yeye alitaka boti ikae upande wenye kina, iwe tayari saa zote. Jambo la haki, la maana. Kila nyumba ilimpa kura.

Na boti angeileta. Pesa zilikuwapo siku ile ya kupitisha bajeti, wenzake walikwisha mkubalia. Kilichobaki ni yeye kusimama, aseme maneno mawili, ampe karani karatasi ya marekebisho kabla kikao hakijafungwa. Maneno mawili! Badawi alisema dakika arubaini. Alisema habari ya bahari, ya mama zetu, ya mikoko, mpaka spika mwenyewe akafuta macho. Wakampigia makofi, wakatoka naye nje wanampa mikono, na kikao kikafungwa. Karatasi niliikuta mimi siku ya tatu, nafua, imekunjwa vizuri mfukoni mwa koti. Nilikaa kitako pale pale kando ya beseni. Nilipomwonyesha aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa maiti. Pesa zilikwisha kwenda pengine, mwaka uliofuata hazikurudi, na uliofuata vile vile. Hakumwambia mtu. Nami sikumwambia mtu.

Ulipobaki mwezi na kitu kabla ya uchaguzi wa pili, Nusra binti Tima alishikwa na uchungu. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Amu. Wakapiga simu, wakangojea boti. Boti ilipofika mayi yametoka, ikakwama mbali, wakambeba Nusra kwa kitanda cha kamba ndani ya matope mpaka magotini. Nusra alipona, alhamdulillahi. Mtoto hakupona. Alikuwa mwanamume.

Siku tisa baadaye Tima, mamake Nusra, alikuja mlango wa uani.

Tima si mtu wa maneno. Anafuma makuti, mikono imemkauka, na ukimwona njiani husalimia akapita. Aliketi mkekani, nikamletea uji, hakuugusa. Akasema, "Bi Radhiya, nina haja."

Nikamwambia sema.

"Ijumaa kuna mkutano wake hapa mbele ya gome, ile ngome kuukuu. Nataka nisimame nimwambie. Nikisema maneno matupu watanikalisha. Mwanamke akisimama na shairi hakuna wa kumkalisha, hilo weye walijua."

"Umwambie nani, Tima?"

"Mume wako. Najua ni kwake hapa. Lakini mlango ni huu tu, mimi niende wapi?"

Lahaula! Nilitaka kumwambia toka. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya hata moja. Nilimwambia ngoja, nikaingia ndani, nikafunga mlango wa chumba kwa mgongo wangu.

Badawi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza ni nani, na hakukuwa na haja, Siyu nzima ilimzika yule mtoto na yeye alikuwamo. Akavuta daftari.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ana haja."

"Badawi, usinitie wazimu. Idarus yuko Kizingitini, wavuvi wa kamba wote ni wake, tunashindana naye kufa kupona, nawe utamtungia mtu wa kukubomoa mbele ya kadamnasi?"

"Mlango wa baba yangu haujamrudisha mtu."

"Basi mtungie, lakini litungie kasoro! Litie kilema hata mstari mmoja. Watu wakicheka yatakwisha hapo hapo."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwambia aende msikitini bila nguo. "Siwezi," akasema. Hakusema sitaki. Na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana nilijua ni kweli. Mtu huyu anaweza kusahau karatasi ya boti mfukoni, lakini mizani hajapunguza hata moja tangu nimjue.

Alilitunga pale pale. Beti tano. Nitakupa wa mwisho:

Ulinena tukacheka, kura tukakupatia,
Boti haijatufika, habari tumesikia,
Mwanangu aliteseka, matopeni akilia,
Kichanga nimekizika, jina hakijasikia.

Niliposoma mstari ule wa mwisho nililia, na nilikuwa na hasira huku nalia. Mtoto hupewa jina siku ya saba, na huyu hakuifika hata saa ya saba. Nani atampa kura mume wangu baada ya mstari ule? Nilijua pale pale: kiti kimekwenda.

Nikachukua karatasi nyingine niliandike safi, kama nilivyofanya maelfu ya mara. Na nilipofika mstari ule, mkono wangu uliandika: *Kichanga nimezika, jina hakikupewa.*

Ukisema haraka hutaona kitu. Lakini hesabu kwa vidole. Kila kipande kinatakiwa mizani nane, nane na nane, na mimi nimeacha saba na saba. Mizani mbili zimepungua, na kina cha mwisho kimevunjika. Mahali pengine mtu asingejali. Siyu! Siyu watoto wa madrasa wanakuhesabia. Nilijua wazee watakaa mbele, nilijua watacheka, na nilitaka wacheke. Nikatoka uani, nikamsomea Tima mstari kwa mstari, naye akanifuata kwa sauti ndogo, mara kumi, mara ishirini, mpaka likamkaa. Alipoondoka alinibusu mkono. Acha tu.

Ijumaa baada ya alasiri uwanja ulijaa. Badawi yuko jukwaani, kanzu nyeupe na koti, Idarus amealikwa amekaa upande wa pili na watu wake, spika zinapiga mluzi. Wanawake tulikaa mkono wa kushoto. Ilipofika zamu ya watu wa muyi, wenyeji, kusema, Tima alisimama. Alikuwa amelikunja buibui mikononi kama mtu anayekamua nguo. Lakini sauti ilitoka. Ubeti wa kwanza, watu wakanyamaza. Wa pili, wa tatu, nilisikia wanawake nyuma yangu wakivuta kamasi. Idarus aliinama mbele. Nami nasema Mola nisitiri, ufike huo mstari upite.

Ukafika. "Kichanga nimezika, jina hakikupewa."

Kwanza alicheka mzee mmoja, kicheko kidogo cha puani. Mwenziwe akainua vidole juu, akahesabu saba, akatikisa kichwa. Kisha wakacheka vijana, kisha wakacheka watu ambao hata kuhesabu hawajui, wanacheka kwa sababu wengine wanacheka. Mmoja akapiga kelele, "Rudi chuoni, Bi Tima!" Na Tima amesimama pale katikati, mdomo wazi, hajui alichokosea. Mama wa watu amemzika mjukuu, wanamcheka. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kicheko, nimekipata, na nilikichukia kama sijachukia kitu maishani.

Hapo Badawi akasimama.

Nilimwambia kimoyomoyo: kaa. Kaa, Mwalimu, kaa, imekwisha, umeshinda. Akakichukua kipaza sauti. "Musimcheke," akasema. "Mstari si huo. Umeharibika ndiani ulipokuwa ukipita, si kwake." Akausema ulivyo, taratibu, nane na nane: "Kichanga nimekizika, jina hakijasikia."

Pale uwanjani ungesikia mbuzi wa nyumba ya tatu akicheua. Mzee Jaafar, imamu mstaafu, akauliza kutoka mbele, "Mheshimiwa, weye umeyuaje?"

"Nimetunga mimi."

"Na yaliyomo?"

Badawi alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Sijamwona mtu mzima akiwa mpweke namna ile mbele ya watu mia nane. "Yaliyomo ni kweli," akasema. "Karatasi ya boti niliisahau mfukoni. Nilikuwa nasifiwa." Akakiweka kipaza sauti juu ya meza, akashuka, akaenda akasimama mbali kidogo na Tima, akainamisha kichwa. Tima alikuwa amejifunika uso, analia kwa sauti. Wanawake tulimzunguka, nami nikiwamo. Nilimshika bega kwa mkono ule ule.

Jioni ile shairi lilikwisha enea. Vijana walilituma kwa simu mpaka Amu, mpaka Mombasa, watoto wakaliimba. Wazee walilisifu, wakasema tangu mzee Abubakr halijasikika la namna hii. Na wiki tatu baadaye, wazee wale wale waliolisifu wakaenda wakampa kura Idarus. Badawi alishindwa kwa kura thelathini na moja. Kura thelathini na moja, mwanangu! Watu thelathini na mmoja wanaenea katika arusi ndogo. Nasreen alinipigia simu kunipa pole, na akaniita Radhiya.

Siku nyingi nilingoja Badawi aniulize. Mstari ule ulipita kwa watu wawili tu baada ya kutoka kwake, mimi na Tima, na yeye si mjinga. Hakuuliza. Alirudi kwenye chumba chake, akanyoa ndevu zake za siasa, akaanza tena kufundisha watoto alasiri bila malipo. Usiku nilikuwa nalala nimempa mgongo kwa aibu, naye akidhani nimemkasirikia kwa ajili ya kiti, ananibembeleza. Hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Mwezi mmoja baada ya kura, Tima alikuja mlango wa uani. Ameleta mkungu wa ndizi, mzito, kaubeba mwenyewe kichwani. Akaketi mkekani. Nikajua amekuja kunishtaki, nami nikasema afadhali.

"Bi Radhiya," akasema, "nimekuja uniwie radhi."

"Wewe uniombe radhi mimi?"

"Nilimharibia Mwalimu shairi lake. Alinitungia zuri, weye ukanisomesha mpaka nikalijua, na mimi nikasimama pale nikaukosa mstari. Kitwa changu tangu siku ya Nusra hakishiki yambo. Kila siku nalisema peke yangu shambani, na kila siku linanijia vile vile, lile bovu. Wakanicheka, naye akalazimika kusimama, akakosa kiti kwa ajili yangu." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Kura yangu nilimpa yeye. Nusra naye. Mwambie. Mtu aliyesimama vile simnyimi."

Ningenyamaza. Nakuapia ningenyamaza, na hakuna mtu duniani angejua. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema hapana neno, Mungu ni mwingi wa rehema, kunywa chai. Nikaitazama ile mikono yake iliyokauka, nikaona siwezi.

"Hukusahau, Tima," nikamwambia. "Ulilisema kama nilivyokusomesha. Mstari niliuharibu mimi. Nilitaka wakucheke."

Nilimweleza yote, habari ya kiti, habari ya Nasreen na neno lake la kubadhi, nalia, maneno yananitoka ovyo. Yeye alinitazama tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mwisho akasema, "Nami nilidhani nimeanza kuwa mwenda wazimu." Akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka. Ndizi aliziacha.

Badawi alikuwa chumbani, mlango uko wazi. Alisikia. Alikuja akakaa karibu nami mkekani, mahali pa Tima, na tukakaa hivyo hata adhana ikatolewa.

Tima hakunitangaza, nimsemee haki. Akiniona ndiani hunisalimia, namuuliza hali ya Nusra, ananijibu. Lakini wanawake wa nti hii, wa Siyu, hawahitaji kuambiwa kitu, wanaona mtu anapita wapi. Tima alipokuwa na haja ya pili, ya kumwandikia Idarus habari ya boti, hakuja uani. Alikwenda akasimama nje ya dirisha la Badawi, juani, akamweleza kwa mdomo wake, akaupokea kila mstari kutoka kwa mdomo wa mtunzi. Tangu hapo wote hufanya hivyo, wakubwa kwa wadogo. Husimama dirishani, wameshika vyuma, wanafuata kwa sauti ndogo.

Mkeka wangu wa uani bado nautandika kila asubuhi. Naketi pale, nachambua mchele, na nawasikia.